China: ndege za kivita za zamani zageuzwa makombora yasiyo na rubani

Mwezi wa tisa mwaka wa 2025, katika maonyesho ya ndege ya mji wa Changchun, kaskazini-mashariki mwa China, kati ya ndege mpya zilizong'arishwa kulikuwa na kizee kimoja. Ni J-6, ndege ya kivita yenye injini mbili na pua iliyo wazi kama mdomo wa bomba, ambayo jeshi la anga la China liliiaga mwaka wa 2010. Wapiga picha wangeipita bila kuigeukia, kama si bango lililosimamishwa kando yake.

Bango lilisema kwamba mizinga ya ndege hiyo imetolewa, matangi yake ya ziada ya mafuta yametolewa, na kiti cha rubani nacho kimetolewa. Badala yake umewekwa mtambo unaoiongoza ndege bila mkono wa mtu, pamoja na chombo kinacholinganisha sura ya ardhi iliyo chini na ramani iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, ili ndege ijue iko wapi. Iliruka namna hiyo kwa mara ya kwanza mwaka wa 1995. Kazi zake ni mbili: kuwa shabaha ya mazoezi, au kushambulia.

Kwa wanaofuatilia mambo ya kijeshi, neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa habari. Kwa miaka mingi picha za setilaiti zilikuwa zikionyesha safu za J-6 zimeegeshwa katika viwanja vya ndege vya jimbo la Fujian, kama kile cha Liancheng, upande unaotazamana na kisiwa cha Taiwan. Ndege ambazo hazina tena vikosi vya marubani zinafanya nini karibu na mlango wa bahari unaogombaniwa kuliko mingine yote katika Asia ya Mashariki? Jibu lilikuwa likibahatishwa tu. Changchun, wenyewe waliliandika kwenye bango.

Ndege iliyopita mikononi mwa wengi

J-6 ni nakala ya MiG-19 ya Umoja wa Kisovieti. Viwanda vya China vilianza kuiunda mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea hadi miaka ya 1980, na maelfu yake yakatoka kiwandani. Nyingine zilikwenda nje. Pakistan ilipigana nazo katika vita vya mwaka wa 1971 na haikuziacha mpaka 2002. Misri, Bangladesh, Albania na Korea ya Kaskazini zilikuwa nazo. Majirani wetu Tanzania na Zambia pia walizipokea, kwa hiyo katika eneo letu hili wapo wazee wa jeshi wanaoukumbuka mlio wake.

Katika siku zake haikuwa ndege ya kudharauliwa. Iliweza kupita mwendo wa sauti, na ilibeba mizinga mitatu ya milimita 30 ambayo risasi zake ziliweza kukata bawa la adui. Lakini haikufika mbali, rada yake ilikuwa duni au haikuwepo kabisa, na injini zake zilichoka mapema, zikihitaji kufunguliwa na kutengenezwa kila baada ya saa chache za kuruka. Leo hakuna mkuu wa jeshi mwenye akili timamu ambaye angemtuma kijana ndani ya J-6 akapambane na F-16 za Taiwan.

Hapo ndipo ubaya wake unapogeuka kuwa faida. Injini inayochoka baada ya saa mia moja ni hasara kubwa kwa kikosi cha marubani, ila kwa ndege itakayoruka mara moja tu, kwa nusu saa, haina shida yoyote. Kutofika mbali nako si neno ikiwa hakuna safari ya kurudi: mafuta yote yanatumika kwenda.

Kuna kisa kimoja ambacho watu wa Taiwan wa umri fulani hawajakisahau. Tarehe 7 mwezi wa saba 1977, rubani wa China aitwaye Fan Yuanyan aliruka na J-6 kutoka Fujian, akavuka bahari na kutua Tainan, akaomba hifadhi. Serikali ya Taiwan ilimpokea kama shujaa na kumlipa dhahabu. Si yeye peke yake; katika miaka ile marubani kadhaa wa China walitoroka na ndege za aina hiyo. J-6 ya leo inaelekezwa kwenye njia ileile, lakini ndani yake hamna mtu wa kubadili mawazo.

Hesabu ya anayelinda

Msomaji wa Goma, Bukavu au Uvira hahitaji kufundishwa droni ni kitu gani. Hata hivyo droni nyingi zinazotajwa katika vita vya mashariki ya Congo, kama zile kubwa za CH-4 ambazo jeshi letu lilinunua China, zinaruka, zinatazama, zinapiga, kisha zinarudi kiwanjani. J-6 iliyogeuzwa ni ya jamii nyingine. Ni kombora lenye mabawa na injini, linaloruka kama ndege mpaka linapogonga. Jamii hiyo ndiyo huitwa makombora ya kruzi, na kombora jipya la aina hiyo likitoka kiwandani huwa na bei kubwa. J-6 ilikwisha kulipiwa miaka 40 au 50 iliyopita. Kinacholipiwa sasa ni mtambo wa kuiongoza na kazi ya mafundi. Vinginevyo ingekatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Upande wa pili wa mizani kuna anayelinda. Kombora moja la kisasa la mfumo wa Patriot, ambao Taiwan inautumia, linagharimu karibu dola milioni 4 za Marekani. Na haliundwi kwa siku moja. Wanaolitaka wamepanga foleni, Ukraine ikiwa kati yao. Mara nyingi mlinzi hurusha makombora mawili kwa shabaha moja ili asikose. Hebu tuseme, kwa mfano tu, ndege 50 za zamani zinakuja kwa wakati mmoja. Makombora 100 yanaondoka ghalani, dola milioni 400 zinayeyuka angani, na kilichoanguka baharini ni vyuma ambavyo mwenyewe alikuwa hana kazi navyo.

Je, mlinzi hawezi kuziacha zipite? Hawezi, na hapa ndipo ujanja wote ulipo. Droni ndogo ya plastiki inayokwenda kilomita 180 kwa saa inajulikana kwenye rada kwa mwendo wake. J-6 ni ndege ya kivita kamili, yenye mwili wa chuma na mwendo wa ndege ya kivita. Anayeitazama kwenye skrini hawezi kujua kama ndani yumo rubani au hamna mtu, wala kama tumboni kuna mabomu au hamna kitu. Ikiwa ya kumi ndiyo yenye mabomu na tisa ni chambo, atalazimika kuzipiga zote kumi. Na akiwasha rada zake ili azipige, amekwisha kuonyesha zilipo, na makombora ya kweli, mapya, yanayokuja nyuma yanajua pa kwenda.

Ujanja huo ulionekana kwa macho mwaka wa 2020, katika vita vya Nagorno-Karabakh. Azerbaijan ilichukua ndege za An-2, zile za propela zenye mabawa mawili-mawili zilizokuwa zikinyunyizia dawa mashambani wakati wa Kisovieti, ikazirusha bila rubani kuelekea upande wa Waarmenia. Walinzi walipozifyatulia, mahali walipojificha palijulikana, na droni za kisasa zikawafuata. An-2 ni ndege ya polepole mno. J-6 ingefanya kazi hiyohiyo kwa mwendo mara nne au tano zaidi.

Joseph Kennedy hakurudi

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1944, Wamarekani walioko Uingereza walikuwa na ndege kubwa za kudondosha mabomu aina ya B-17 zilizochakazwa na vita. Walizikomba vitu vyote vya ndani, wakazijaza tani za vilipuzi, na kuweka vyombo vya redio na kamera. Tatizo lilikuwa kuziondoa ardhini: mtambo wa siku zile haukuweza. Kwa hiyo watu wawili walipanda, wakairusha ndege, wakawasha vilipuzi, kisha wakaruka nje kwa parashuti, huku ndege nyingine nyuma yao ikishika uongozi kwa redio kuelekea ngome za Wajerumani kaskazini mwa Ufaransa. Mpango huo uliitwa Aphrodite.

Jeshi la majini la Marekani lilikuwa na mpango wake kama huo. Tarehe 12 mwezi wa nane 1944, Luteni Joseph Kennedy, kaka mkubwa wa John Kennedy aliyekuja kuwa rais, aliruka na mwenzake Wilford Willy katika ndege yenye zaidi ya tani 9 za vilipuzi. Ililipuka juu ya pwani ya mashariki ya Uingereza kabla hawajaruka nje. Miili yao haikuonekana. Ngome waliyokuwa wakiiendea, Mimoyecques, ilikuwa imekwisha kuvunjwa na mabomu ya Waingereza mwezi mmoja kabla, tarehe 6 mwezi wa saba, ila wao hawakujua. Mpango wote uliachwa mwanzoni mwa 1945 ukiwa haujaleta faida yoyote ya maana.

Miaka saba baadaye, katika vita vya Korea, zamu ilikuwa ya ndege za kivita zenyewe. Mwisho wa mwezi wa nane 1952, kutoka meli ya USS Boxer, ndege sita za Hellcat, ambazo zilikuwa fahari ya Marekani katika vita na Japani, zilirushwa bila rubani, kila moja ikiwa na bomu la kilo 900 hivi, kupiga madaraja na shabaha nyingine za Korea ya Kaskazini. Hizo ni kati ya ndege za kwanza kabisa za kivita kugeuzwa makombora na kupelekwa vitani.

Na Hellcat hiyohiyo ndiyo iliyowaaibisha Wamarekani nyumbani kwao. Tarehe 16 mwezi wa nane 1956, moja iliyorushwa California ili itunguliwe katika mazoezi ilikataa amri za redio na kugeukia upande wa Los Angeles. Ndege mbili za kisasa za jeti zilitumwa kuifuata. Zilifyatua roketi 208, zote walizokuwa nazo. Hakuna hata moja iliyoiangusha. Hellcat ilizunguka-zunguka mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka jangwani karibu na mji wa Palmdale. Roketi ndizo zilizoleta hasara: ziliwasha mioto porini, zikagonga nyumba na magari, na wazima moto mamia walipambana siku mbili. Ni bahati tu kwamba hakuna aliyekufa.

Kumtoa rubani si kutoa kiti tu

Anayesoma habari hizi anaweza kudhani ni kazi ya fundi yeyote mwenye redio na ujasiri. Sivyo. Katika ndege ya kivita, mikono na miguu ya rubani inafanya mambo mengi kwa mara moja, na kila jambo linahitaji mota yake ya kusukuma na kuvuta, na kompyuta ya kuiambia mota lini na kwa kiasi gani. Kuruka juu angani ndiyo sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ni kuondoka ardhini, ndege yenye tani nyingi za chuma na mafuta ikienda zaidi ya kilomita 250 kwa saa kwenye barabara nyembamba, pembeni upepo unasukuma, na tairi lolote likipasuka hakuna wa kurekebisha.

Iraki ya Saddam Hussein ilijaribu katika miaka ya 1990. Ilichukua L-29, ndege ndogo za jeti za kufundishia marubani zilizotoka Czechoslovakia, ikataka kuzirusha bila mtu. Marekani na Uingereza ziliogopa kwamba zingebeba sumu, na mwezi wa kumi na mbili 1998 zilipiga mabomu majengo ya kiwanja cha Tallil yaliyokuwa na ndege hizo. Baada ya vita vya 2003, wachunguzi walikuta mpango haukuwa umefika popote.

Marekani yenyewe ndiyo yenye uzoefu mkubwa zaidi, ijapokuwa ndege zake zilizogeuzwa ni za kutunguliwa na marubani wake wanaojifunza, si za kushambulia. Kizazi kimoja baada ya kingine kimepita huko: Hellcat, kisha F-102, F-100, F-106, kisha F-4 Phantom zilizotumika hadi mwezi wa kumi na mbili 2016. Sasa ni zamu ya F-16 za zamani, zinazotolewa kwenye jangwa la Arizona ambako ndege zilizostaafu huegeshwa kwa maelfu, na kugeuzwa na kampuni ya Boeing. Tarehe 19 mwezi wa tisa 2013 ya kwanza iliruka kutoka Tyndall, Florida, kiti kikiwa kitupu, ikafika urefu wa kilomita 12 na kupita mwendo wa sauti. Kwa F-16 kazi ilikuwa nyepesi kidogo, kwani ndege hiyo tangu mwanzo rubani wake anaamuru kompyuta, nayo kompyuta ndiyo inayosukuma mabawa. J-6 ni ya fito, nyaya na mafuta ya kusukumia. Kila kiungo kinahitaji kuongezewa mkono wa chuma.

Hata hao wenye uzoefu hawakukosa ajali. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, tarehe 17 mwezi wa saba 2013, Phantom isiyo na rubani ilianguka hapohapo Tyndall ikiwa inaondoka. Barabara kuu inayopita karibu ilifungwa kwa sababu ndani ya mabaki kulikuwa na kilipuzi cha kuiharibu ndege ikipotea njia, na betri yake ilikuwa bado haijaisha nguvu. Wasafiri walisubiri betri iishe.

China imepunguza ugumu huo kwa njia moja: ndege yake haina haja ya kutua. Ikishapaa, nusu ya shida imekwisha.

Usiku wa Zagreb

Wanaolipia kosa la mtambo kwa kawaida ni watu wasiohusika. Mfano wa karibu zaidi haukuhusu ndege ya kivita bali ndugu yake, Tu-141, droni kubwa ya jeti iliyoundwa Kharkiv kati ya 1979 na 1989 kwa ajili ya kupiga picha za upelelezi. Ina urefu wa zaidi ya mita 14 na inakwenda karibu kilomita 1,000 kwa saa. Vita vya Ukraine vilipoanza, vizee hivyo vilitolewa maghalani.

Usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu 2022, Tu-141 moja iliingia anga ya Romania kwa dakika 3, ikakata Hungaria nzima kwa dakika 40, ikaingia Kroatia, na dakika 7 baadaye ikaanguka mtaa wa Jarun mjini Zagreb, karibu na mabweni ya wanafunzi. Ilichimba shimo kubwa na kuharibu magari yaliyoegeshwa. Hakuna aliyekufa. Nchi hizo tatu zote ni wanachama wa NATO, na hakuna iliyoigusa. Waziri wa ulinzi wa Kroatia alisema mabaki ya bomu yalipatikana ndani yake. Ukraine na Urusi, kila mmoja alisema si yangu.

Miezi tisa baadaye, tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili, milipuko ilitokea katika kambi mbili za ndege ndani kabisa ya Urusi, Engels na Dyagilevo. Wizara ya ulinzi ya Urusi ilisema ni droni za jeti za wakati wa Kisovieti, na kwamba wanajeshi watatu walikufa. Mitambo ya aina ileile, iliyopotea hadi Zagreb mwezi wa tatu, sasa ilikuwa imefika ilipotumwa.

Taiwan inabaki na nini?

Kuna mapatano ya kimataifa ya tangu 1987 ya kuzuia kuenea kwa makombora na droni zinazoweza kubeba kilo 500 kwa kilomita 300. China si mwanachama, na hata kama angekuwa, mapatano hayo yanahusu kuuziana. Hayamkatazi mtu kugeuza ndege iliyo katika ua wake.

Kwa Taiwan, njia ya nafuu ni kurudi kwenye mizinga. Kisiwa hicho kinayo mizinga ya milimita 35 inayoongozwa na rada, na risasi zake ni za bei ndogo sana ukilinganisha na Patriot. Lakini mizinga hiyo inafika kilomita 4 tu. Mlango wa bahari wenyewe una upana wa kilomita 180 hivi, na ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa inauvuka kwa dakika 12. Kati ya hizo, mpiga mzinga anaipata ndege mbele yake kwa sekunde 16. Na akiipata, tani tano za chuma zinazowaka haziishii pale zilipopigwa. Zinaendelea mbele kwa mwendo uleule, kuelekea kile alichokuwa amewekwa akilinde.